Mbwa Havuti Bure: Vidokezo vya Kutembea na Mbwa Machachari Eastlands

Jumapili asubuhi Buruburu, Nairobi, kabla makanisa hayajawasha vipaza sauti, utakutana na mtu na mbwa wake, na huwezi kujua nani kamtoa mwenzake nje. Mbwa yuko mbele, ulimi unaning'inia, koo linakoroma kwa kubanwa na mkanda. Mwenyewe yuko nyuma, kandambili zinamtoka, na kila anayepishana naye anaambiwa, "Usijali, hana shida, anacheza tu."

Tusimlaumu mbwa mapema. Mbwa wengi wa Eastlands hushinda ndani ya kibanda cha mbao na mabati nyuma ya nyumba, hufunguliwa usiku walinde, na nje ya geti hutoka kwa nadra, mwenye nyumba akipata nafasi. Nyumba za Buruburu zilijengwa kati ya 1973 na 1983 zikiwa na viwanja vidogo vya kutosha maua na kamba ya nguo, na tangu hapo wengi wamejenga vyumba vya kupangisha juu ya hivyo hivyo viwanja. Umoja na Pipeline ni ghorofa juu ya ghorofa. Huko mbwa akiwepo, mara nyingi anaishi juu kwenye paa pamoja na matangi ya maji. Mnyama wa maisha hayo akifunguliwa ghafla barabara, bucha, mbuzi na watoto kwa mpigo mmoja, lazima apagawe.

Anafundishika, na huhitaji mtaalamu wa kutoka Karen. Unahitaji kamba, omena, na moyo wa kusimama katikati ya mtaa watu wakikutazama.

1. Uliza nani anamlipa

Mbwa havuti kwa ukaidi. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Aliona mfupa kando ya bucha, akavuta, ukamfuata, akaupata. Amelipwa, na kesho atakuja kazini tena.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha majaribio yake ya paka aliowafungia ndani ya masanduku. Paka alihangaika huku na huku mpaka kwa bahati akavuta kitanzi kilichofungua mlango, akatoka, akala. Kila aliporudishwa sandukuni alizidi kuwahi kile kitanzi na kuacha mengine yasiyomsaidia. Tendo lililoleta faida likakaa, lisiloleta kitu likafifia. Walimu wa mbwa wa leo bado wanakula jasho la paka wale.

Shida ya Eastlands ni kwamba mbwa wako ana waajiri wengi. Bucha anamlipa kwa harufu, watoto wanamlipa kwa mayowe, jaa la taka linamlipa kwa mabaki ya chipsi. Wewe uwe yule anayelipa vizuri kuliko wote, tena papo hapo, si mwisho wa mwezi.

2. Acha mnyororo getini

Mnyororo mzito ni wa kufungia, si wa kutembelea. Mkono wako hausikii lolote kupitia vyuma vile, na mbwa naye hasikii ila uzito. Tafuta kamba bapa ya nailoni au ya pamba, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Ulizia kwenye agroveti. Ukikosa, fundi wa viatu na mabegi atakushonea kutoka kwa utepe wa begi kwa bei ya maelewano. Kamba ya katani itakuchuna viganja. Zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kisanduku cha plastiki ziachie watu wasio na bodaboda mtaani kwao, maana mbwa akiwa mita tano mbele yako kuna mtu atataka kupita katikati yenu. Isitoshe, kamba zile hukaa zimekaza muda wote, na kukaza ndiko tunakotaka kuondoa.

Mkanda wa shingo uache vidole vyako viwili vipite. Kwa mbwa anayevuta hadi kukoroma, nunua mkanda wa kifuani, na uchague wenye pete mbele, katikati ya kifua. Akivuta, kamba inamgeuza ubavu, haimkabi koo. Ile minyororo inayojibana shingoni anapovuta iache dukani. Huumiza koo la hewa, na mbwa aliyepandwa na mhemko haisikii mpaka imeshamdhuru.

3. Lipa kwa omena

Sijaona chakula cha mafunzo kinachoshinda omena wakavu. Wananuka, bei si mbaya hapo sokoni Mutindwa, na mbwa hawezi kuwapuuza. Wapepete mchanga utoke, wakaushe kwenye sufuria moto bila mafuta mpaka wawe wanavunjika kwa sauti, waache wapoe. Omena mmoja ni mishahara miwili: kichwa kwa hatua nzuri, mkia kwa hatua nzuri inayofuata. Wabebe kwenye mkebe mdogo au mfuko wa aproni, kwani mifuko ya plastiki tuliagana nayo Agosti 2017.

Smokie hapana, chumvi imezidi. Mutura hapana. Chochote chenye kitunguu, kachumbari ikiwemo, hapana kabisa, kwa sababu kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ikabaki na ncha kali. Vipande vya maini ya kuchemsha ni sawa, lakini hivyo viweke kwa siku ya mtihani mgumu, na ugali wake wa jioni upungue kwa kiasi hicho.

4. Chanjo kabla ya barabara

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, halafu hurudiwa kila mwaka. Zile nyingine, parvo ikiwemo, huanza mapema zaidi, na mtoto wa mbwa ambaye hajazimaliza asikanyage majaa wala mitaro. Lakini usimfungie ndani. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi ndipo akili yake iko tayari zaidi kuzoea mambo mapya. Mbebe mkononi, simama naye kona ya stendi aone pikipiki, mwavuli, kiti cha magurudumu, mtu mwenye gunia kichwani. Mbwa aliyeyaona hayo akiwa mdogo hatashtuka akiwa mkubwa.

Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Sehemu yako ni kadi ya chanjo. Ipige picha ikae kwenye simu. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, kwa hiyo mwezi huo ulizia kama kuna chanjo ya bure karibu nawe. Na iwapo atamuuma au kumkwaruza mtu, hata kwa mchezo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Pilipili na mafuta ya taa havitibu kitu.

5. Anza mahali pasipo na kitu

Somo la kwanza ni ndani ya geti, au kwenye korido ya ploti saa ambayo wapangaji wameenda kazini. Shika kamba, mbwa awe upande wa kushoto. Piga hatua moja. Akiwa bado kando ya goti lako, mpe omena hapo hapo kwenye mshono wa suruali. Hatua mbili, omena. Hatua tatu, omena. Baada ya siku chache utamwona anaganda kwenye mshono ule mwenyewe, kwa sababu ndipo duka lilipo.

Nyumba nzima ikubaliane maneno. Baba anasema "kaa chini," mtoto aliyejifunza YouTube anasema "sit," na shosho akija kutoka Murang'a anasema "ikara thĩ." Mbwa hana shida na lugha yoyote kati ya hizo, ila hawezi kuzijua zote kwa wiki moja. Chagueni moja muiandike kwenye friji.

Vipindi viwe vifupi. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku.

6. Geti lifunguke kwa adabu

Vurugu za barabarani nyingi huanza kabla hujafika barabarani. Mbwa anayejua kutofautisha mlio wa komeo na mlio wa sufuria ameshaanza kupandwa na wazimu ukiwa bado unatafuta viatu. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Nobeli mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mate ya mbwa huanza kutoka kwa ishara tu, chakula chenyewe kikiwa bado. Komeo la geti lako ni ishara ya namna hiyo.

Basi livunje nguvu. Mara kadhaa kwa siku gusa komeo, litoe mlio, halafu usiende popote. Rudi ukae. Mlio ukishazoeleka, mfunge kamba msimame mbele ya ule mlango mdogo wa geti. Mwambie akae. Fungua upana wa kiganja. Akiinuka, funga polepole, usimbane pua. Akikaa, fungua tena. Mlango ukiwa wazi kabisa naye bado amekaa, angalia barabara kushoto na kulia, kisha sema "twende." Malipo yake hapo si omena, ni dunia yote ya nje.

Soja wa geti atakuona kama mtu aliyepungukiwa. Msalimie, muendelee.

7. Kamba ikikaza, barabara imefungwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kamba kati yenu iwe na tumbo: ishuke kutoka mkononi mwako, ipinde, kisha ipande kwenda kwake. Tumbo likiwepo, mnatembea. Likipotea, simama. Usimtingishe, usimvute nyuma, usifoke. Bandika mkono wako kwenye mshipi wa kiuno ili usiyumbe, unyamaze. Mbwa atavuta, atalia, atatazama bucha kwa uchungu. Ghafla atageuza sikio au shingo kukuangalia, ashangae mbona umekwama, na tumbo la kamba litarudi. Usiikose sekunde hiyo. "Twende," na omena ashuke kando ya goti. Usimpe mbele yako, la sivyo unamfundisha kukutangulia.

Akizidi kukaza, geuza njia. Mlikuwa mnaelekea Mumias South Road, sasa mnarudi mlikotoka. Geuka kwa utulivu, sio kwa kumnyaka, naye akikufikia mlipe. Ukigeuka mara kadhaa ataanza kukuchunga kwa jicho la pembeni ajue mwenzake anaelekea wapi.

Siku za mwanzo hamtafika popote. Kutoka getini hadi kwa mama mboga kunaweza kula nusu saa nzima, na huko hukutoka kununua sukuma. Watu watakushauri, Eastlands haijawahi kupungukiwa na washauri. "Boss, hiyo mbwa imekushinda." "Ipige moja tu itaskia." Usimpige. Ukiachilia mbali huruma na sheria, kipigo chenyewe hufunza somo lingine kabisa. Mbwa anayechapwa kila mtoto anapopita hajifunzi kuacha kuvuta. Anajifunza kwamba mtoto akitokea maumivu yanafuata, na siku moja ataamua kumuwahi huyo mtoto.

Kigumu kuliko yote ni kutobadilika. Ukisimama mara nyingi kisha mara moja ukamwachia avute kwa sababu umechelewa, hiyo moja ndiyo itakayomkaa kichwani. Muulize yeyote anayebeti kila Jumamosi: ushindi wa nadra ndio unaomrudisha. Kwa hiyo, siku ambazo huna muda wa kufundisha, badilisha vifaa. Mkanda wa kifuani uwe wa shule, wenye sheria zote. Siku ya haraka mfunge kamba kwenye mkanda mwingine tofauti kabisa, mzungushe nyuma ya nyumba ajisaidie, mrudi. Mbwa hutofautisha mavazi haraka kuliko tunavyodhani.

8. Chagua saa na njia

Saa kumi na mbili asubuhi Jumapili ni dhahabu. Saa kumi jioni siku ya shule ni vita. Mkiwa Buruburu, zungukeni ndani ya vile viwanja vya pamoja katikati ya nyumba kabla ya kusogelea barabara ya matatu za 58 na honi zake. Wa Donholm na Kayole wanao uwanja wa Jacaranda, siku isiyo na mkutano wa siasa. Mutindwa na kando ya Outering Road ni chuo kikuu. Usimpeleke huko akiwa bado chekechea.

Kipimo ni chakula. Akikataa omena mbele ya mbuzi, mko karibu mno na mbuzi. Rudini nyuma mpaka akumbuke ana njaa, mfundishe kutoka umbali huo, na kesho msogee kidogo.

Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa Embakasi na Umoja hugeuka gundi. Siku hiyo fanyeni ya geti na komeo mkiwa ndani.

9. Kunusa ni mshahara pia

Mlingoti wa stima ambao kila mbwa wa mtaa ameuacha na ujumbe wake ni gazeti la asubuhi kwake. Mwache asome, ila kwa masharti: tembea naye kamba ikiwa na tumbo hadi pale, sema "haya, nusa," mpe nafasi. Halafu "twende." Mbwa aliyeruhusiwa kunusa kwa dakika chache hurudi nyumbani amechoka akili, na aliyechoka akili harukii watu.

Akishaiva kabisa, msituni Karura wanaruhusu mbwa aliyefungwa kamba. Tafuta rafiki mwenye gari, maana kondakta wa kukubali mbwa bado hajazaliwa.

10. Miguu minne chini, ndipo salamu

Mbwa huturukia kwa sababu nyuso zetu ziko juu. Watoto wa mbwa huwaramba wakubwa wao mdomoni, na mbwa wako anautafuta mdomo wako.

Sasa tazama tunavyomlipa. Umerudi jioni kutoka town, suruali ya kazi imepigwa pasi, anakurukia. Unamsukuma kwa mikono miwili, "Toka! Toka! Nguo yangu!" Wewe unadhani umemkaripia. Yeye amepata mikono, sauti na macho yako, vyote vitatu kwa mruko mmoja, baada ya kukungoja kutwa nzima.

Ingia bila shangwe. Akiruka, geuza mgongo, kunja mikono, tazama paa la jirani. Miguu minne ikigusa sakafu, inama wewe umfikie, mguse chini ya kidevu polepole. Akiruka tena, inuka tena. Mwanzoni ataruka zaidi ya kawaida, kwa sababu njia iliyokuwa ikilipa imegoma na anajaribu kuilazimisha. Usikate tamaa wakati huo, ndio wakati wenyewe.

Mkiwa barabarani na mtu anataka kumsalimia, kanyaga kamba kwa kiasi ambacho akisimama au akikaa inalegea, akiruka inamzuia. Mgeni anyooshe mkono chini, si juu ya kichwa. Sekunde tatu zinatosha, kisha mwite, mlipe. Salamu ndefu ndizo huharibika.

Lakini kizuizi kikubwa ni mjomba. Kila familia inaye mmoja: "Mwache aruke bwana, mimi na mbwa tunaelewana." Mjomba huyu hubomoa kazi ya wiki kwa dakika moja. Usibishane naye. Mtie omena mkononi: "Mjomba, tusaidie, mpe akishakaa chini." Akipewa cheo atasimamia sheria kuliko wewe.

Siku ya chama si siku ya mafunzo. Wageni wengi, magauni mazuri, chapati mezani, usimtege. Mpeleke nyuma na mfupa mkubwa mbichi, umlete baadaye amsalimie mmoja wa mwisho kuondoka.

11. Watoto ni walimu ukiwaajiri

Watoto wa mtaa wanalijua jina la mbwa wako kuliko wanavyolijua lako. "Simba! Simba!" Wanakimbia, wanapiga kelele, wengine huchokoza kwa kijiti kupitia chini ya geti. Hayo yote ni malipo, au ni uchokozi, na yote mawili huzaa mbwa wa kurukia.

Ongea na wazazi wao kwanza. Kisha wafundishe watoto mambo matatu: kumuomba mwenye mbwa ruhusa, kusimama wima, mikono tumboni, macho yakitazama viatu, mbwa yeyote anapowakimbilia, na kutomsumbua anayekula au aliyelala. Halafu watumie. Wapite mbali wakitembea, kila wanapopita mbwa apate omena. Wapite karibu kidogo. Wapite wakikimbia polepole. Mwenye bidii apewe ruhusa ya kumwambia "kaa chini" na kumtupia omena miguuni. Kijiti cha geti kitapotea chenyewe, kwa kuwa hakuna anayemchokoza mwanafunzi wake.

Usimwache mbwa peke yake na mtoto mdogo, hata awe mpole vipi.

12. Si kila mtu anataka kusalimiwa

Kutoka Eastleigh na Majengo ya Pumwani hadi Umoja unapakana na Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wao hapa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani anayeelekea msikitini akirambwa kanzu hujamchafua tu, umemrudisha nyumbani. Yuko pia aliyeumwa utotoni, aliye na mtoto mgongoni, na anayeogopa bila sababu ya kukueleza.

Kwa hawa wote tiba ni moja na ni rahisi: sogea kando mapema, mbwa upande wa ukuta, wewe katikati, akukabili wewe na si wao. Mlipe omena mfululizo mpaka wapite. Sema "pita tu, nimemshika." Usiseme "haumi." Hakuna aliyeogopa mbwa akaacha kwa kuambiwa hivyo, na mbwa wote waliowahi kuuma walikuwa hawaumi hadi siku ile.

13. Kibao cha MBWA KALI kibaki

Pingamizi la kila mara: nikimfundisha adabu, mwizi akija atamkaribisha chai. La. Kubweka mtu anapogusa geti saa nane usiku na kumrukia mama mboga saa nne asubuhi ni kazi mbili tofauti. Watazame wale mbwa wanaonusa magari kwenye malango ya maduka makubwa ya Nairobi. Wanatembea kando ya wenye kuwashika, kamba ina tumbo lake, hawamjali mtu, wala hakuna anayewadhania kuwa wapole. Mbwa asiyejua kutulia ndiye mlinzi mbovu, kwa sababu anabwekea paka, upepo na mwizi kwa sauti ile ile, na baada ya mwezi hakuna jirani anayeamka.

Akibweka usiku, toka uangalie, msifu, mwambie "basi." Hiyo nayo ni kazi, na ilipwe.

14. Mkikutana na mbwa koko

Kundi la mbwa wa jaa lisikukimbize, ukikimbia umewaalika. Mweke wako nyuma yako, kamba fupi lakini isikaze, maana kukaza humwambia kuna hatari. Tupa gao la omena ardhini upande wao, muondoke kwa mshazari bila kuwakazia macho. Ile mbinu ya kila Mkenya, ya kuinama kana kwamba unaokota jiwe, bado inafanya kazi, ila ujue wako naye anaweza kuwa ameielewa na akajificha nyuma yako. Iweke ya mwisho.

15. Pakiti ya unga

Usitupe pakiti ya unga wa ugali. Ile karatasi ya kilo mbili ni ngumu, haivuji upesi, na mkono wote unaingia. Kunja moja mfukoni kila mnapotoka. Mbwa akimaliza haja, ingiza mkono ndani ya pakiti, shika mzigo, ipindue ya ndani iwe nje, kunja mdomo. Kisha ubebe mpaka kwenye pipa lenu, si mtaroni na wala si kwenye ule ukuta wa jirani ambaye ndio kwanza ameanza kuitikia salamu zako.